Uteuzi wa Lugha ya Programu kwa Mtengenezaji Michezo wa Ridhaa: Omweso na Bao kama Kipimo

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mtengenezaji wa ridhaa wa michezo ya kompyuta anavyoweza kuteua lugha ya programu ya kufanyia kazi yake. Mjadala huu kwa kawaida huendeshwa kwa kulinganisha lugha zenyewe: ipi ina kasi, ipi ni nyepesi kujifunza, ipi inatumiwa na kampuni kubwa. Hoja ya makala haya ni kwamba, katika mazingira ya Afrika Mashariki, linatangulia swali jingine: mchezo ukishakamilika utamfikia nani, kwa kifaa gani, na kwa ruhusa ya nani? Omweso wa Uganda na bao la Kiswahili vimetumiwa kama kipimo, kwa kuwa ni michezo ambayo kanuni zake zinafahamika na mahitaji yake ya kihesabu yanaweza kuelezwa kwa usahihi. Lugha zinazozingatiwa zaidi ni Python, JavaScript, Lua, C# na GDScript. Makala pia yanagusia upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili ndani ya programu, jambo ambalo miongozo ya kiufundi huliruka.

1.0 Utangulizi

Katika soka, mchezaji wa ridhaa ni yule anayeingia uwanjani kwa mapenzi yake, bila mkataba wala mshahara. Makala haya yanaazima istilahi hiyo kumrejelea mtu anayetengeneza michezo ya kompyuta jioni, baada ya kazi au masomo, mara nyingi peke yake, kwa kifaa chake mwenyewe na kwa data anayojinunulia. Ni rahisi kumpuuza mtu huyu, kwa kuwa kazi yake huonekana ya kujiburudisha tu. Hata hivyo, baadhi ya michezo iliyoenea sana duniani ilianzia mikononi mwa watu wa aina hiyo. Markus Persson wa Uswidi alianza kuandika Minecraft mwaka 2009 akiwa bado ameajiriwa kwingine. Mwaka 2014 kampuni yake ilinunuliwa na Microsoft kwa dola za Marekani bilioni 2.5. Eric Barone wa Marekani aliandika Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne kabla ya kuutoa mwaka 2016. Balatro, mchezo wa karata uliotolewa Februari 2024 na mtu mmoja wa Kanada ambaye hatumii jina lake halisi hadharani, uliuza nakala zaidi ya milioni moja ndani ya mwezi wake wa kwanza.

Mchezo wa kwanza kati ya hiyo uliandikwa kwa Java, wa pili kwa C#, wa tatu kwa Lua. Hakuna hata mmoja ulioanza kwa C++, lugha inayotawala katika studio kubwa. Mifano mitatu haithibitishi kanuni, lakini inatosha kutilia shaka swali ambalo vijana hutuuliza kila mara: lugha bora ya kutengenezea michezo ni ipi? Swali hilo halijibiki kwa sababu limemsahau mchezaji.

2.0 Chimbuko la mjadala

Miaka michache iliyopita, mwandishi wa makala haya aliwasaidia wanafunzi wa shule moja ya sekondari nchini Uganda kuandika omweso kwa kompyuta. Klabu ya Kiswahili ilikuwa imeungana na klabu ya kompyuta: wale waliandika maelezo na maelekezo ya mchezo, hawa wakaandika msimbo. Tulitumia Python pamoja na maktaba ya Pygame. Sababu zetu zilikuwa za kawaida. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ina sentensi fupi zinazosomeka. Walimu wengi wanaijua. Vitabu vyake ni vingi. Pygame, iliyoanza mwaka 2000, inampa mwanafunzi dirisha, picha na sauti kwa mistari michache. Baada ya muhula mmoja mchezo ulifanya kazi. Kete zilisogea, zamu zilibadilishana, mshindi alitangazwa.

Kisha shule ikafungwa. Maabara ya kompyuta ilitiwa kufuli, na mchezo ukabaki ndani. Mwanafunzi mmoja, ambaye kanuni zote za omweso alikuwa amefundishwa na babu yake, aliuliza kabla ya kuondoka: “Mwalimu, babu nitamwonyeshaje?” Nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na simu janja mbili za bei nafuu. Zipo njia za kufungasha mchezo wa Pygame ili uendeshwe kwenye simu, lakini zina hatua nyingi, kila hatua na makosa yake, na hakuna hata moja tuliyokuwa tumeifikiria mwanzoni. Kwa kifupi, tulikuwa tumeteua lugha kwa kumtazama mwandishi, na mchezaji hatukumkumbuka.

3.0 Mahitaji halisi ya mchezo

Kabla ya kuzungumzia kasi ya lugha, inafaa kujua mchezo wenyewe unadai nini. Ubao wa omweso, kama ule wa bao la Kiswahili, una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake na husambaza kete katika duara la mashimo yake 16. Michezo hii inatofautiana katika kanuni. Katika bao la Kiswahili kuna hatua ya namua, ambapo kete zilizo mkononi huingizwa ubaoni moja baada ya nyingine, na kuna shimo maalumu liitwalo nyumba; katika omweso kete zote 64 zimo ubaoni tangu mwanzo. Kwa upande wa kumbukumbu ya kompyuta, hata hivyo, tofauti hiyo ni ndogo. Hali yote ya ubao ni namba 32, na hakuna hata moja inayozidi 64. Baiti 32 zinatosha kuihifadhi, yaani pungufu ya herufi zilizomo katika jina kamili la makala haya.

Mchezo unaochorwa mara 60 kwa sekunde unaipa programu takribani milisekunde 16.7 kwa kila mchoro. Kusambaza kete 64 ndani ya muda huo ni kazi nyepesi kwa lugha yoyote iliyotajwa hapa, hata Python, ambayo katika mizunguko mitupu ya hesabu huwa polepole kuliko C kwa mara makumi kadhaa. Jambo la kuangalia zaidi ni mantiki. Katika michezo ya jamii hii, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, msambazo unaendelea, na kuna mipangilio ambapo zamu inaweza kuzunguka bila kukoma. Mwandishi asiyeweka kikomo cha mizunguko ataona dirisha lake limeganda na atailaumu lugha. Haina kosa.

Kasi huwa hoja ya kweli pale mpinzani anapokuwa kompyuta yenyewe. Ili kuteua hatua nzuri, programu hutazama hatua zinazofuata, na za mpinzani baada ya hizo, na idadi ya mipangilio ya kuchunguza hukua upesi mno. Hapo C, C++ na Rust, ambazo kikusanyi chake hugeuza msimbo wote kuwa lugha ya mashine kabla haujaendeshwa, hutazama mbele zaidi kwa muda uleule. Lakini pengo hilo si pana kama linavyodhaniwa. Vivinjari vya kisasa hukusanya JavaScript kuwa lugha ya mashine wakati programu ikiwa inaendeshwa, na LÖVE, mfumo wa kutengenezea michezo kwa Lua, hutumia kikusanyi cha namna hiyohiyo kiitwacho LuaJIT. Mpinzani wa omweso anayetosha kumshinda mwandishi wa makala haya anaweza kuandikwa kwa lugha yoyote kati ya hizo, na hilo halihitaji ufundi mkubwa.

Tofauti zinazomsumbua mwanafunzi kila siku ni ndogo kuliko kasi na hazitajwi sana. Chukua mfano wa kuhesabu mashimo. Python, JavaScript na C# huhesabu safu kuanzia 0. Lua huanzia 1, kama wazee wanavyohesabu. Katika duara la mashimo 16, shimo linalofuata shimo namba i katika Python ni baki ya i + 1 ikigawanywa kwa 16, hivyo baada ya shimo 15 tunarudi 0. Katika Lua ni baki ya i ikigawanywa kwa 16, kisha kujumlishwa 1, hivyo baada ya shimo 16 tunarudi 1. Mwanafunzi anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine atapoteza alasiri nzima akitafuta kete moja iliyopotea. Atakapoipata ameshaelewa, na hatasahau tena.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Tuseme idadi ya kete katika shimo imesomwa kutoka kwenye skrini kama maandishi, yaani alama “5”, na programu inataka kuongeza kete moja. Python itakataa na kutoa ujumbe wa kosa. Lua itageuza maandishi kuwa namba kimyakimya na kutoa 6. JavaScript itaunganisha alama na kutoa “51”, na ghafla shimo moja litakuwa na kete 51. C# nayo ingeunganisha alama hizo, ila kikusanyi chake kingekataa kuyaingiza maandishi hayo katika shimo lililotangazwa kuwa la namba, hivyo kosa lingegunduliwa kabla mchezo haujaanza. Msomaji aliyezoea kufundisha ataona kwamba lugha hizi zinatofautiana katika malezi kuliko katika uwezo. Kwa mtoto anayeanza, ukali wa Python ni neema. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich kwa siku kumi mwezi Mei 1995, na haraka hiyo inaonekana hadi leo.

4.0 Njia ya kumfikia mchezaji

Pamoja na kasoro hizo, ni JavaScript iliyomfikia babu. Mwanafunzi yule na wenzake wawili waliuandika upya mchezo wakati wa likizo iliyofuata, safari hii kama ukurasa mmoja wa kivinjari. Hakukuwa na kusakinisha chochote. Simu yoyote yenye kivinjari, iwe mpya au ya zamani kiasi, ilitosha. Uzito wa mchezo ulikuwa mdogo kuliko picha moja ya kawaida inayotumwa kwa simu. Kuhusu wepesi huu, kuna shindano la kila mwaka liitwalo js13kGames, lililoanza mwaka 2012, ambalo linawataka washiriki watoe mchezo kamili, pamoja na picha na sauti, usiozidi kilobaiti 13 baada ya kubanwa. Watu hufaulu. Anayeishi mahali ambapo data hununuliwa kwa kifurushi cha siku anaielewa thamani ya nidhamu hiyo bila kuelezwa.

Babu aliucheza mchezo kwa dakika chache, kisha akaonyesha kosa. Katika omweso, mchezaji anaruhusiwa kusambaza kinyumenyume kutoka kwenye mashimo manne ya upande wake wa kushoto, endapo msambazo huo utamwezesha kula kete moja kwa moja. Kanuni hiyo hatukuwa tumeiandika, na katika muhula mzima hakuna mtu ndani ya maabara aliyegundua kwamba haimo. Marekebisho yalichukua jioni moja.

Kivinjari si njia pekee. Kwa anayetaka programu kamili ya Android, mazingira mawili yanastahili kuzingatiwa. LÖVE ni mepesi, hayana mhariri wala mapambo, na mchezo wote unaweza kuwa faili moja la Lua. Balatro uliandikwa humo. Godot ni injini kamili ya michezo iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina na kuwekwa huria mwaka 2014. Lugha yake, GDScript, inafanana na Python kiasi kwamba mwanafunzi wa Python huisoma siku ya kwanza. Mhariri wa Godot hupakuliwa kwa chini ya megabaiti 150, na unaweza kuendeshwa hata kwenye simu au tableti ya Android. Unity, inayotumia C#, hudai gigabaiti kadhaa kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Nchini Uganda, ambako data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, uzito wa zana ni suala la sera ya kodi kama ulivyo suala la uhandisi.

Tofauti ya uzito inahusu pia vifaa. Kompyuta ya mitumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne itaendesha LÖVE bila shida na itavumilia Godot kwa michezo ya bapa. Kwa Unity itapumua kwa taabu.

Maduka ya programu nayo yana masharti yake. Google hutoza dola 25 mara moja kwa anayejisajili kama msanidi. Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Tangu Novemba 2023, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya ya Google Play alitakiwa kwanza awe na wajaribu 20 watakaoutumia mchezo kwa siku 14 mfululizo, idadi iliyopunguzwa kuwa 12 mwezi Desemba 2024. Kwa kampuni hilo ni dogo. Kwa kijana wa kijijini ambaye marafiki zake wana simu sita kwa jumla, ni ukuta. Ukurasa wa kivinjari hauna masharti hayo, na faili la Android linaweza kupitishwa kutoka simu hadi simu kwa kadi ya kumbukumbu.

5.0 Nani mwenye ufunguo

Lugha na injini zina wenyewe, na wenyewe hubadilisha nia. Kizazi kizima cha watengenezaji wa ridhaa kilijifunza ActionScript, lugha ya Flash, katika miaka ya 2000. Mwisho wa Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia Flash, na maelfu ya michezo yakanyamaza siku moja. Mingine imeokolewa na wahifadhi waliojitolea. Microsoft iliwapa watengenezaji wadogo mfumo wa XNA, kisha ikauacha. Stardew Valley, ulioandikwa juu ya mfumo huo, ulinusurika kwa kuhamishiwa MonoGame, mfumo huria ulioandikwa na jamii kwa kufuata muundo uleule.

Tukio lililotikisa zaidi ni la Septemba 12, 2023. Siku hiyo Unity ilitangaza kwamba ingeanza kutoza ada kwa kila usakinishaji wa mchezo baada ya kiwango fulani cha mapato na usakinishaji kufikiwa. Baada ya malalamiko, masharti yalilegezwa siku kumi baadaye, na Septemba 2024 ada ikafutwa kabisa. Ni kweli kwamba mtengenezaji wa ridhaa asingefikia viwango vile kwa urahisi. Kilichowashtua watu ni kwamba masharti yaligusa hata michezo iliyokwisha kutengenezwa, iliyoandikwa na watu waliodhani wanajua bei. Lua, LÖVE na Godot ziko chini ya leseni huria ambazo haziruhusu jambo hilo: toleo ulilonalo mkononi litabaki huria hata waanzilishi wakigombana kesho. JavaScript ni kisa kingine. Haina mwenye leseni mmoja; tangu mwaka 1997 inafuata kiwango kilichochapishwa, na vivinjari vya kampuni zinazoshindana hukitekeleza.

Historia ya Lua inawahusu washauri wa sera moja kwa moja. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil, kwa kazi ya Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Maabara yao iliwahudumia wateja kama kampuni ya mafuta ya Petrobras, katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta na programu za kigeni ili kulinda soko la ndani. Kununua suluhisho nje ilikuwa shida; wakajitengenezea. Sera ile ilikuwa na hasara zake, na mwandishi haipendekezi. Inayofaa kuigwa ni sehemu iliyobaki: chuo kikuu kilichokuwa na mteja wa kweli mwenye tatizo la kweli, na uhuru wa kuchapisha jibu. Miaka kumi na moja baadaye Lua ilikuwa ndani ya World of Warcraft, na leo lugha iliyotokana nayo ndiyo watoto wanayotumia kuandikia michezo ya Roblox. Jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Maneno yake ya msingi, hata hivyo, ni ya Kiingereza.

6.0 Kiswahili ndani ya programu

Jambo hilo la mwisho huwafanya baadhi ya wenzetu wadai lugha ya programu yenye maneno ya msingi ya Kiswahili. Kwa watoto wadogo tayari ipo njia: Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Maabara ya Midia ya MIT, ina vipande vilivyoandikwa kwa Kiswahili na inaweza kutumika bila intaneti. Kwa wakubwa, maneno ya msingi hayazidi machache, na hukaririwa kwa wiki moja. Vigezo na kazi zinaweza kuitwa shimo, kete, sambaza na zamu katika lugha zote tulizozitaja, na herufi za Kiswahili sanifu hazihitaji fonti maalumu.

Kikwazo halisi kiko kwenye maandishi anayoyaona mchezaji. Zana nyingi za kutafsiri programu zilibuniwa kwa dhana kwamba idadi hubadilisha nomino pekee, basi. Msimbo unaochukua namba, kuiambatisha kwenye nomino, kisha kuongeza kitenzi kisichobadilika, hutoa Kiingereza kinachovumilika. Katika Kiswahili huharibika papo hapo: kete tatu zimebaki, mashimo matatu yamebaki, mizunguko mitatu imebaki, wachezaji watatu wamebaki. Kivumishi cha idadi na kitenzi vyote hufuata ngeli ya nomino. Mpango wa kawaida wa umoja na wingi, ambao ndio unaotolewa na gettext katika Python na Godot na pia na vivinjari kwa JavaScript, unajua kutenganisha kete imebaki na kete zimebaki. Ngeli hauijui. LÖVE haina mpango wowote wa ndani. Mwandishi hujitengenezea jedwali lake, na pengine hilo ni afadhali, kwa kuwa humlazimu kufikiri.

Dawa tuliyoitumia ni ya kizamani: kutafsiri sentensi nzima kwa kila nomino, pasipo kuunganisha vipande. Mchezo mdogo una nomino zisizozidi kumi, hivyo kazi ni ya saa moja. Wanafunzi wa klabu ya Kiswahili, waliokuwa wakijiona wasindikizaji katika mradi huu, ndio walioiona kasoro na kuieleza kwa wenzao wa kompyuta kwa kutumia jedwali la ngeli lililokuwa ukutani. Waligundua pia jambo ambalo hakuna mwongozo ungewaambia: kwenye skrini ndogo, “Umeshinda” na “Umeshindwa” hutofautiana kwa herufi moja, na mchezaji mwenye haraka husherehekea kipigo. Ujumbe wa pili ukabadilishwa kuwa “Mpinzani ameshinda”.

7.0 Kwa watunga sera

Kenya iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule mwaka 2022, na Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima. Maamuzi haya mawili yanaweza kupita kando kando bila kukutana. Klabu za michezo ni mahali pamoja ambapo yanaweza kukutana kwa gharama ndogo.

Kwa maoni ya mwandishi, Python ibaki darasani: ukali wake unafaa, na manufaa yake katika hesabu na takwimu hayana ubishi. Lakini silabasi inayoishia kwenye Python humfungia mwanafunzi kazi yake ndani ya maabara. Wiki nne za mwisho zitumike kuihamishia kazi hiyohiyo kwenye ukurasa wa kivinjari, hata kama mwalimu mwenyewe atalazimika kujifunza pamoja na darasa. Kijana mwenye kompyuta yake na nia ya kwenda mbali aelekezwe Godot. Asiyetaka mapambo apewe Lua. C++ na Rust zinaweza kusubiri hadi atakapokutana na tatizo linalozihitaji, na wengi hawatakutana nalo. Kuhusu Unity, anayelenga ajira katika studio ana sababu nzuri ya kuijifunza, mradi ajue kwamba anapanga katika nyumba ya mtu.

Shule ziwekewe kwenye seva ya ndani au diski ya kupitishana nakala za zana hizi pamoja na miongozo yake, ili kila mwanafunzi asilipie ushuru wa data kwa kupakua kitu kilekile. Leseni za Lua, LÖVE na Godot zinaruhusu kunakili bila kuomba.

Lipo pia suala la istilahi. Katika klabu moja, dhana moja ya safu ya namba iliitwa safu, orodha na mpangilio, na vitabu vya pande tatu za mpaka havikutusaidia kukata shauri. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina mamlaka ya kuratibu jambo hili. Kinachopendekezwa hapa ni faili moja la wazi la istilahi za usimbaji pamoja na sentensi za kawaida za michezo zilizopatanishwa kwa ngeli, katika muundo ambao Godot na gettext zinaweza kuusoma moja kwa moja, ili mwalimu wa Gulu na wa Kigoma wapakue kitu kimoja na waweze kukisahihisha. Orodha ya klabu yetu, yenye istilahi 83 na ubishi juu ya 9 kati yake, inaweza kuwa mwanzo.